Mwaka Niliolala Juu ya Maji

Esta alinipigia simu nikiwa nachagua mchele wa mchana. Alisema mama yao wamemzika juzi kule Butiama, watu walikuwa wengi, na kaka yake Magesa, aliyekuja kwa mazishi kutoka Kigoma, amefikia kwake Bunda na keshokutwa anapanda basi la kurudi. "Anaomba akuone, dada Rhoda," alisema. "Ameomba mwenyewe, mimi nimetumwa tu." Nilimpa pole ya msiba, nikasema nitaangalia kama nitapata nafasi, nikaweka simu chini, na baada ya muda nikaona kwamba kwenye sinia nimebakiza mawe na mchele nimewatupia kuku. Mtu mzima hovyo, nikajisemea. Nina wajukuu. Mume wangu nilimzika kwa heshima zote na nilimlilia machozi ya kweli. Nina mgahawa hapa mtaa wa Mukendo, mjini Musoma, ambao makarani na madereva hawaupiti bila kuingia, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba huyu mama mnene anayewafokea wasiponawa mikono aliwahi kuishi mwaka mzima juu ya maji, akiwa binti wa miaka ishirini hivi, na kwamba mpaka leo hawezi kukaanga vitunguu bila kumkumbuka mtu. Habari za nani alinizaa na nyumba yetu ilikuwaje sitazieleza, zinafanana na za watu wengine wa kijijini kwetu Kiriba. Nataka kueleza mwaka ule tu.

Meli iliitwa Tausi, ingawa kati yetu hakuna aliyewahi kumwona tausi. Ilikuwa meli ya zamani ya kubebea pamba, ya chuma, iliyokaa ufukweni Musoma mpaka nyasi zikaota pembeni yake. Aliyeinunua ni Mama Inga, Mswidi aliyeletwa na mradi wa visima, na mradi ulipofungwa akakataa kurudi kwao. Ilikuwa miaka ile tuliyokuwa tumetoka kwenye foleni. Nasema tumetoka, lakini miguu ilikuwa bado inauma. Tulikuwa tumezoea chai isiyo na sukari na kufulia majani ya mpapai, gauni moja la sikukuu likizunguka kwa akina dada wote. Halafu likaja neno ruksa. Mitumba ikamwagwa chini sokoni, bidhaa zikaanza kupita mpakani Sirari mchana kweupe, na kila mwenye wazo lake akaachwa alijaribu. Wazo la Mama Inga lilikuwa hili: atajenga vyumba vya kulala ndani ya Tausi, ataleta mitungi ya hewa na mashine ya kuijaza, na atawachukua Wazungu kutoka Nairobi waje kupumzika melini, wale humo, walale humo, na kila siku wazame kwenye mawe ya visiwa vya Lukuba kuangalia samaki. Siyo kuvua, ni kuangalia tu. Na samaki wenyewe ni furu.

Kwa asiyelijua ziwa letu, furu ni samaki mdogo wa kwenye mawe, mwenye miiba kuliko nyama, ambaye mtu hula akikosa kingine. Siku hizo walikuwa wameanza kupotea kwa sababu sangara alikuwa anawamaliza, na Mama Inga alituambia kwamba duniani kote hawapo isipokuwa hapa. Nilipoaga nyumbani kwamba nimepata kazi ya upishi kwenye meli hiyo, baba aliniuliza mara mbili. "Wanalipa dola waangalie furu?" Nikasema ndiyo. "Na wakishaangalia?" Wanapanda juu, baba, wanakula, wanalala, kesho wanaangalia tena. Alitikisa kichwa kwa huruma. "Hao watu wana shida huko kwao," alisema, "wapikie vizuri." Aliniruhusu kwa sababu ya neno hilo, nadhani. Aliona naenda kuwahudumia wagonjwa.

Na kweli nilitaka kuwapikia vizuri. Siku ya kwanza wageni walipofika, mimi na nahodha wetu, Mzee Manyama, tulikaa tukashauriana tuwape nini cha kuwaheshimu. Tukaona jibu liko wazi. Watu wamesafiri kutoka Ulaya kwa ajili ya furu, basi wapewe furu. Mzee alichukua mtumbwi akaenda mwenyewe kwenye mawe, akachagua wale wenye rangi kali, wa bluu na wa mkia mwekundu, akarudi na ndoo imejaa. Niliwaparua, nikawakausha kwenye mafuta mpaka miiba ikalainika, nikawapanga kwenye sinia vichwa vyote vimeangalia upande mmoja, na ndimu katikati. Nikaweka sinia mezani. Mama mmoja wa Kizungu, ambaye mchana kutwa alikuwa anamchora furu mmoja wa bluu, aliangalia sinia, akachukua kitambaa cha mezani akajifunika uso. Mama Inga akanivuta pembeni. Kiswahili chake alikuwa amekiokota hukuhuku Mara kama sisi wote. "Rhoda," alisema, "hawa hawakulagi furu. Hawa wanaipendaga." Mzee Manyama akauliza, kwa upole kabisa, "Kwani sisi hatuipendi?" Wageni walikaangiwa mayai. Furu tulikula sisi, chini kwenye chumba cha injini, tukiwa tumefunga mlango ili kicheko kisisikike juu, na hapo ndipo nilipokaa kwa mara ya kwanza karibu na Magesa.

Magesa alikuwa mtu wa mashine. Mama Inga alimtoa gereji, amkarabatie injini, na alipomaliza injini akabaki. Alikuwa Mzanaki wa Butiama, mtoto wa wafuga ng'ombe, mtu ambaye mpaka anafika Musoma alikuwa hajui kuogelea. Ilipotafutwa mtu wa kufundishwa kuzama na wageni, wavulana wote wa ziwani walikataa. Sisi wa ziwani tuna habari nyingi kuhusu kule chini na nani anakaa huko, tumelishwa tangu utotoni, na hakuna mshahara unaoweza kuzifuta. Magesa hakuwa amelishwa chochote. Alisema atakwenda. Mzee Manyama alimtania mpaka mwisho wa mwaka. "Nyie Wazanaki maji mnajuaga ya kunyweshea ng'ombe tu. Ukimkuta mamba huko utampigia mluzi?" Magesa alikuwa akijibu kwamba mamba ni mifugo kama mingine, ni kumjua tabia. Alikuwa na sauti ya chini na hakuwa na haraka. Alikuwa akikaa kwenye ngazi ya jikoni kwangu akisafisha miwani ya wageni kwa mate na kitambaa, akinisimulia alichokiona, na mimi, niliyezaliwa hatua chache kutoka majini, nikawa nasikiliza habari za ziwa langu kutoka kwa mtu wa Butiama.

Nilikuwa nalala kwenye stoo, kati ya jiko na chumba cha mashine. Kilikuwa chumba cha kutosha kitanda kimoja na magunia: vitunguu, muhogo mkavu wa Bugwema uliokuwa unatuletea vumbi jeupe kila mahali, mkaa, na debe la mafuta. Mlangoni palikuwa na pazia. Usiku ziwa lilipiga ukuta wa chuma karibu na sikio langu, na mwanzoni sikulala, halafu nikazoea, na nilipokuja kulala tena nchi kavu ndipo nikaona usiku una kelele gani usipokuwa na maji. Magesa alilala juu, chini ya turubai, kando ya mashine ya hewa. Hiyo mashine ndiyo iliyotuunganisha, na sisemi mafumbo. Mama Inga alikuwa ameifunga nyuma ya jiko kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine, na chujio zake zilikuwa zimechoka na mpya hazikupatikana Musoma wala Mwanza. Kwa hiyo mashine ilivuta hewa ya jiko langu na kuisindilia kwenye mitungi. Wageni wakaanza kupanda kutoka majini wakiuliza chakula kabla ya wakati. Mmoja akasema chini kule alisikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, wenzake wakacheka, kisha mwingine akasema hata yeye.

Mimi nilijua kabla yao. Magesa alikuwa ameshaniambia, siku nyingi, bila kucheka. "Leo nimezama na karanga zako," alisema. Siku nyingine ilikuwa dagaa, siku nyingine maandazi. Alisema kule chini hakuna sauti na hakuna harufu, mtu anakuwa peke yake hata akiwa na wenzake, na yeye akivuta pumzi ananikuta mimi. Sijawahi kuambiwa neno la namna hiyo tena, na mume wangu alikuwa mtu mzuri. Nilianza kukaanga vitunguu mashine inapowashwa. Hata kama mapishi ya siku hiyo hayakuvitaka, nilivikaanga, nikavitia kwenye chochote, na wageni wakasifu. Mama Inga alipogundua alikuwa mkali kuliko nilivyowahi kumwona. Alituweka chini akatueleza kwamba harufu ya kitunguu haina neno, ila moshi wa mkaa ukiingia kwenye mtungi mtu anasinzia majini na haamki. Siku hiyohiyo bomba refu likafungwa kutoka kwenye mashine mpaka juu ya mlingoti, hewa ikawa inavutwa kutoka mbinguni, safi. Magesa alizama nayo asubuhi, akapanda, akakaa kwenye ngazi yangu muda mrefu. "Haina kitu," alisema. Nilimpa andazi akiwa bado amelowa maji.

Kulikuwa na sheria moja aliyoisema Mama Inga kila wageni wapya walipofika, na wafanyakazi tulilazimishwa kusikiliza. Chini ya maji hakuna kubishana. Mtu yeyote akitoa ishara kwamba basi, anataka kupanda, mwenzake anapanda naye wakati huohuo. Haulizwi kwa nini, habembelezwi, na hata akifika juu hataniwi. Aliirudia kama sala. Mwisho wa masika, wiki ambayo hatukuwa na wageni, alikubali Magesa anipeleke chini mara moja, kwa sababu nilikuwa nimemsumbua sana. Nilivalishwa ile ngozi nyeusi ya mpira, nikafungwa mkanda wa vipande vizito vya madini ya risasi, Mzee Manyama akakataa kuangalia. Tukashuka tumeshikana mikono. Sitaweza kueleza vizuri. Mawe yalikuwa yamepangana kama nyumba za kijiji, na kila furu dume, wa bluu, amesimama mlangoni kwake akifukuza wengine. Nilimwona furu mama amezungukwa na watoto wadogo kuliko punje za mtama, na kitu kilipowatisha akafungua mdomo, wote wakaingia ndani, akafunga. Nilikuwa nimewakaanga wale kwa masinia. Nilicheka, maji yakaingia mdomoni, nikayatema, nikacheka tena. Ningekaa pale mpaka jioni.

Halafu likapita sangara, kubwa, karibu sana, upande wangu. Yale yote niliyolishwa utotoni yakaamka. Nilitoa ishara ya basi. Papo hapo sangara akageuka akaenda zake, nikaona ni samaki tu, nikataka tubaki, nikatikisa kichwa, nikaonyesha mawe kwa kidole. Magesa alikuwa ameshanishika mkono na tunapanda. Tulipotoa vichwa nje nilimwambia, "Nilibadilisha mawazo." Akavua miwani. "Chini hatubadilishagi," alisema. "Ukisema basi, mimi nimesikia basi." Nilinuna mpaka jioni, naye alinipa heshima ya kutonitania. Baadaye alinifuata jikoni akasema anataka kwenda kwao aongee na mama yake kuhusu mimi. Nilijibu kwamba sijasikia, arudie. Alirudia, kwa sababu hapo hatukuwa chini ya maji, tulikuwa juu kwenye sufuria zangu, na juu mtu anaweza kubembelezwa. Nikasema tutaona. Akarudia mara ya tatu, ndipo nikasema aende. Kwetu ndivyo binti anavyoombwa. Anayekubali mara ya kwanza atasemwa mpaka na wajukuu wake.

Mama yake alikuja mwenyewe. Baba yake Magesa alikuwa ameshafariki na mwenye kauli juu ya ng'ombe za mahari alikuwa yeye. Tausi ilikuwa imefungwa gatini Musoma, na bado mama yule alivuka ubao wa kupandia melini akiwa amefumba macho, ameshikiliwa na Magesa na Esta, kibuyu cha maziwa ya mgando kimening'inia begani. Alikaa kwenye benchi akalishika kwa mikono miwili. Nilimwamkia nimepiga magoti, akaniitikia vizuri. Sikumpikia samaki, nilikuwa nimeshaambiwa kwao hawampendi sana, nilimpikia nyama kwa mchuzi mzito na ugali wa mtama, akala akamaliza, akasema mkono wangu una baraka. Nilijua nimepita. Kisha akasema, "Nionyeshe unapolalaga, mwanangu." Nikampeleka stoo. Aliangalia kitanda, akaangalia magunia, akashika pazia kwa vidole viwili. "Mlango uko wapi?" Nikamwambia hakuna mlango, mama, kuna pazia. "Na hao wanaume wanalala wapi?" Nikaonyesha juu. Aliachia pazia likarudi lenyewe.

Waliongea baadaye, yeye na Magesa, upande wa pili wa ukuta wa mbao, mimi nikiosha vyombo bila kutoa mlio. Waliongea Kizanaki. Kijita changu kilinisaidia kushika nusu, na hiyo nusu ilitosha. Alisema hana neno na binti, binti ni wa kuolewa. Lakini watu wa Butiama watauliza ametoka nyumba gani, na yeye atajibu nini, kwamba ametoka kwenye chombo kinachoelea, kwenye chumba kisicho na mlango, kati ya wanaume na watu wanaotembea uchi? Magesa alisema kitu, nikasikia neno kazi. Mama akasema ndiyo, kazi. Basi aache kazi, arudi kwao Kiriba, akae nchi kavu watu wamwone, achote maji, alime, mpaka mihogo itakapong'olewa. Akionekana hivyo, ng'ombe zitakwenda, yeye mwenyewe atazitoa zizini. Hakusema kwa ubaya, ndiyo shida yake. Angesema kwa ubaya ningekataa.

Magesa alinitengenezea mlango. Aliung'oa ubao kwenye masanduku ya mashine, akaupiga randa, akatia bawaba, na kitasa cha ndani ili nijifungie mwenyewe. Alifanya kazi hiyo akiwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona, na alipomaliza aliufungua na kuufunga mara nyingi kama anayetaka mtu fulani asikie. Nililala nyuma ya mlango ule siku chache tu. Nilimwambia, "Mama yako ameomba kitu kidogo. Ni mihogo tu." Akasema Mama Inga analalamika, wageni wanapungua, maji yanazidi kuwa ya kijani, watu wanazama wanaona mikono yao tu. Gugumaji lilikuwa limeanza kufika, likijizungusha kwenye pangaboi. Nikamwambia basi ni vizuri, tutakuwa tumeshamaliza mambo yetu. Nilikuwa na uhakika wa kijinga, uhakika wa mtu anayependwa. Nikakunja nguo zangu, Mzee Manyama akanipeleka Kiriba kwa mtumbwi, nikaanza kuonekana.

Nilionekana sana. Nililima shamba la baba na la shangazi, nilichota maji hata mapipa yakiwa yamejaa, nilikwenda kanisani kila Jumapili na kukaa benchi la mbele. Usiku nilihesabu mihogo kwa akili na kusikiliza ziwa, ambalo sasa niliona liko mbali, upande wa pili wa migomba. Magesa alikuja mara mbili kunisalimu na kukaa na baba kwa adabu, wakizungumza habari za mvua. Kisha akakaa bila kuja. Watu waliotoka mnadani wakasema Tausi inavuliwa mashine, yule mama wa Kizungu anahamia Kigoma, kwenye ziwa ambalo maji yake bado yanaonyesha chini, na lori la kwenda Mwanza limeshapatikana. Siku niliyosikia hivyo nilifunga begi langu, nguo na sufuria yangu moja nzuri, nikaliweka nyuma ya mlango wa jiko na kulifunika kwa gunia. Kisha nikachukua jembe nikaenda kulima, kwa sababu sikutaka anikute nimekaa nangoja.

Alikuja na baiskeli ya kuazima, vumbi mpaka kwenye kope. Baba alikuwa kibarazani anasuka kamba. Magesa alimwamkia, akaja shambani akasimama kwenye matuta. "Rhoda, tunaondoka kesho," alisema. "Mama Inga anataka mpishi. Anasema ukija, tutapewa chumba chetu. Twende." Moyo wangu ulikwenda palepale, ukaingia kwenye begi. Lakini mdomo ulikuwa wa binti wa Kiriba, na baba alikuwa ameacha kusuka. "Mama yako alisema nikae nchi kavu," nilisema. "Nimekaa. Ng'ombe ziko wapi?"

"Zitakuja. Nikishafika kule nitamwambia azilete."

"Ng'ombe hazitumwagi mtu akiwa Kigoma. Mimi siendi."

Nilishika jembe nikapiga jembe moja, la pili, nikingoja. Nilikuwa nimesema mara ya kwanza. Angesema tena ningenyamaza, angesema ya tatu ningekwenda kunawa miguu. Baba alijua, kwa sababu alikohoa kile kikohozi cha mzee anayejiandaa kuulizwa. Magesa alisimama. Niliona kivuli chake kwenye udongo, hakikusogea kwa muda mrefu, halafu kikasogea. "Haya, Rhoda," alisema. "Nimesikia." Alisema kwa upole, kwa heshima yote, kama alivyofundishwa, na akaenda kuchukua baiskeli. Sikumwita. Ningemwitaje, na mimi ndiye niliyesema siendi? Nilipoinua kichwa alikuwa ameshapita kwa jirani, na baba akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu hajui kuomba." Nilijua Magesa anajua, jikoni kwangu aliomba mara tatu. Usiku ule nililala nimevaa viatu, na alfajiri nikavivua.

Mimi na baba tulingoja zile ng'ombe mpaka mihogo ikang'olewa na mingine ikapandwa. Sijui kama mama yake alikataa kuzitoa au Magesa hakumwomba. Baada ya muda tukasikia ameoa huko, na mimi nikaolewa na mfanyabiashara wa hapa Mukendo, aliyekuja na watu wake wakabembeleza mpaka wakachoka. Nilimpikia mume wangu vizuri. Lakini nitasema wazi kwa kuwa ameshapumzika na haimwumizi: nimekuwa na hamu na Magesa kila siku ya maisha yangu, na hamu ya ule mwaka pamoja naye, ukuta wa chuma unaopigwa na maji, unga wa muhogo kwenye nywele zangu, na mtu anayepanda kutoka chini ya ziwa akiwa na habari za kunipa mimi kwanza.

Nilikwenda Bunda. Nilibadilisha kitenge mara tatu, nikaishia kuvaa kile cha kwanza. Esta alinipokea getini, akanikumbatia, akatutengea chakula chini ya kivuli cha nyumba, ugali na sato wa kuchemsha, kisha akasema ana nguo za kuanua, ingawa kamba ilikuwa tupu. Magesa alikuwa amekonda. Kichwa kilikuwa kimebaki bila nywele, na mikono ilikuwa ileile. Tulinawa. Nilimpa pole ya mama, akaniambia alikwenda bila kuteseka, akiwa na akili zake. Alinieleza kuhusu mke wake, mwalimu, mwanamke mvumilivu, na watoto wanne. Kuzama aliacha siku nyingi, kifua kilikataa. Alimega tonge, akalishika, hakulila. Nilimwona anatafuta pa kuanzia, nikamwacha atafute, kwa sababu nilikuwa naogopa.

"Siku ile Kiriba," alisema mwishowe. "Ningeuliza mara ya pili, ungekuja?"

Jibu nilikuwa nalo tangu ujana. Nililisema jikoni, nililisema kanisani wengine wakiomba, nililisema kwa sauti siku ambazo mume wangu alikuwa safarini. Sasa lilikuwa limeulizwa, na mwenye kuuliza alikuwa na udongo wa kaburi la mama yake kwenye viatu, na safari ndefu mbele yake, na mwishoni mwa safari hiyo mwanamke mvumilivu akimngoja na maji ya kuoga. Niliangalia uso wake nikaona amekuja Bunda kwa ajili ya hili tu, na kwamba atalibeba litakalotoka mdomoni mwangu mpaka naye azikwe.

"Nisingekuja," nilisema. "Kigoma ni mbali. Sikuwa na moyo huo."

"Hata ningebembeleza?"

"Hata ungebembeleza. Ulinisikia vizuri."

Alishusha pumzi, na mabega yakashuka nayo. "Afadhali," alisema. "Miaka yote hii nilikuwaga nafikiri nilikosea." Akala lile tonge, akavuta bakuli karibu, akala samaki kwa njaa ya mtu aliyetoka kulima, mpaka kichwa, akamwita Esta amletee ugali mwingine. Nilimwangalia akila. Tonge langu lilikuwa bado mkononi, limeshapoa.